Watu Hawajui Kutembea

Jengo lenyewe si la kujivunia. Lina ghorofa mbili za maduka, ngazi moja ya katikati, feni zinazozunguka kwa kubembelezwa, na mlango mkubwa ambao tangu asubuhi unameza watu utadhani ndani kuna kitu kinagawiwa bure. Kulia kwa ngazi kuna korido nyembamba, ya kupita watu wawili wanaoheshimiana. Katikati yake kuna vyoo, na mwisho kabisa, chini ya taa isiyozimwa mchana wala usiku, kuna kibanda cha fundi viatu ambaye watu wote humwita Kisigino. Kwenye mdomo wa korido hiyo kuna benchi. Kisigino mwenyewe ndiye aliyeligonga misumari, akaliweka kibandani ili mteja apate pa kukaa na mguu mmoja peku wakati kiatu kinashonwa. Lakini kibandani kulinuka gundi, marafiki zake wakalalamika, benchi likatolewa nje. Nje nako kulinuka vyoo, likasogezwa mbele. Likasogezwa tena kidogo, na kidogo tena, mpaka likafika pale mdomoni, penye hewa na penye kuona watu, na hapo ndipo kijiwe kilipozaliwa. Mama Birika akaona wanaume wamekaa midomo mikavu, akaleta jiko lake la kahawa, ndoo ya kuoshea vikombe na kigoda, akajipanga upande wa pili wa korido akitazamana nao.

Benchi hilo lina wenyewe, na aliyeliunda siye mwenye sauti. Mwenye sauti ni Breki, dereva mstaafu wa mabasi ya safari ndefu. Ana miguu mirefu iliyokunjwa chini ya usukani maisha yake yote ya kazi, na baada ya kustaafu miguu hiyo imekula kiapo cha kutokunjwa tena. Pembeni yake hukaa Bwana Faili, aliyekuwa tarishi katika ofisi kubwa, mtu mwembamba wa kufunga vifungo vyote vya shati hata kukiwa na joto la kuoka mkate. Kisigino hukaa mwisho wa benchi, upande wa kibanda chake, ili akitokea mteja amwahi. Ila mteja hatokei.

Na leo ilikuwa siku ya mwisho. Ufunguo wa kibanda ulikuwa mfukoni mwa shati la fundi, ukingoja msimamizi wa jengo aje kuuchukua mchana. Hakuna aliyemfukuza Kisigino. Kazi ilikuwa imemkimbia yenyewe, polepole, bila kuaga. Zamani msharasi wake ulikuwa haupoi mkononi kwa kutoboa soli. Sasa siku nzima inaweza kupita asiushike. Na lililomuuma zaidi ni kwamba hata wale waliokwisha kuacha viatu vyao hawakurudi kuvichukua. Vilikuwa vinaning'inia kwenye misumari, vimeshonwa, vimepigwa rangi, vinangoja miguu. Binti yake alikuwa amemwandalia chumba nyumbani kwake. Njoo upumzike, baba, alimwambia, na alisema kwa mapenzi, kwa hiyo kumkatalia kulikuwa kugumu. Kisigino alijua kupumzika nyumbani kwa mkwe ni nini: ni kufungua geti, kupokea mizigo ya watu, na kuulizwa mara kwa mara kama umekula. Aliogopa, na hakumwambia mtu.

Marafiki zake walijua habari ya ufunguo. Kwa kuwa kumpa pole hawakuweza, walitafuta mtu wa kumlaumu.

— Mimi nasema, na nitasema mpaka koo likauke, alianza Breki akinyoosha miguu. Fundi hakushindwa kazi. Fundi ameangushwa na watu wasiojua kutembea.

— Sema tena, alidakia Bwana Faili.

— Narudia. Tazama pale kwenye ngazi. Yule mama kapanda vidato vyote bila tabu, kafika juu, kasimama. Palepale kidato cha mwisho! Nyuma yake watu wamebanana kama magunia. Anafanya nini? Anatafuta miwani kwenye mkoba.

— Hukuitafuta nyumbani? Mama Birika alimuuliza yule mama, ambaye alikuwa mbali na wala hakumsikia.

— Mimi nimeendesha basi, Breki aliendelea. Ningesimamisha basi juu ya daraja nitafute miwani, leo mngekuwa mnanikumbuka kwa picha ukutani.

— Na wale mlangoni je? Mama Birika alielekeza kwa kijiko. Wanaagana. Wanaagana tangu nilipokuwa nawasha jiko. Mlango wa watu wote wameufanya sebule yao.

— Mlangoni ndipo watu wanapokumbuka kuwaza, alisema Breki. Njia nzima mtu kichwa kitupu. Akifika mlangoni, lo, mawazo yote yanamshukia kwa pamoja.

— Kuna wale wa kushikana mikono, alisema Faili kwa uchungu wa mtu aliyewahi kukwama nyuma yao. Watano wamejipanga kama ua. Kushoto hupiti, kulia hupiti. Halafu wanacheka. Wanacheka nini?

— Wanakucheka wewe, Mama Birika alimjibu.

Hapo mtu mmoja mwenye tai aliingia koridoni kwa mwendo wa mtu aliyebanwa. Alikwepa ndoo, akajikwaa kwenye mguu wa Breki, akadaka ukuta, na kahawa ya Faili ikamwagikia kwenye kisahani.

— Wewe! Breki alifoka. Huna macho? Tembea vizuri!

— Samahani, mzee, alisema mtu wa tai, akazidi kukazana kuelekea vyooni maana hali yake haikuruhusu maelezo.

— Mmeona? Mtu mzima, tai shingoni, kuinua mguu hajui.

— Ofisini kwetu huyo asingemaliza mwezi, alisema Faili, akirudisha kahawa ya kisahani kikombeni bila kupoteza tone.

Kisigino alikuwa ametazama viatu. Kazi ilimfundisha kuwasoma watu kuanzia chini. Kiatu cha kushoto cha yule bwana kilikuwa kinaachia soli, bado kidogo tu kifungue kinywa. Angeweza kumwita, lakini mtu anayekimbilia choo haitwi.

— Tatizo lenyewe ni ukuta, Faili alitangaza, akijiweka sawa. Sikilizeni mtu aliyetembea kwenye korido maisha yake yote. Korido ina sheria. Mtu wa chini anapita ukutani, bega linagusa chokaa. Katikati ni pa mkubwa. Mkubwa akitokea, unabandika mgongo ukutani mpaka apite. Hivyo ndivyo kazi zilivyokuwa zinakwenda.

— Na wakikutana wakubwa wawili? aliuliza Mama Birika.

Faili alinywa kahawa kwanza.

— Hawakuwa wakikutana. Nilikuwa napeleka habari mapema.

— Huyu mtu ni mwongo, jamani.

— Sasa wamekuja kupaka kuta rangi ya mafuta, Faili aliendelea bila kumjali. Ukuta unang'aa kama sahani. Nani atausugua bega? Wote wamehamia katikati. Siku hizi kila mtu ni mkubwa, ndiyo maana hakuna anayefika.

— Wateja wangu hawakuwa wakubwa, alisema Kisigino taratibu. Na walikuwa wakifika.

— Walikuwa wakifika kwa sababu ya soli, Fundi! Faili alimgeukia. Soli! Zamani kiatu kilikuwa kinasema. Ko, ko, ko. Aliye mbele anakusikia, anajisogeza mwenyewe, hata samahani huhitaji. Leo wote wamevaa raba za sponji. Wanakunyemelea kama paka wa jirani. Unageuka, mtu pua yake iko mgongoni mwako.

Hilo Kisigino alilikubali. Yeyote aliyezisema vibaya soli za sponji alikuwa ndugu yake wa damu.

— Soli ya sponji haishonwi, alisema. Inatupwa.

— Umemaliza! Breki alijipiga paja. Mtu mwenye kiatu cha kutupa na mwendo wake ni wa kutupa.

Wakacheka, na Kisigino naye akacheka, kisha akaona haya kucheka siku kama hiyo. Aligusa mfuko wa shati. Ufunguo ulikuwepo.

Wakati huo mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuja moja kwa moja kutoka mlango mkubwa, kwapani kabana kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Alifika kwenye mdomo wa korido akasimama. Alitazama huku, akatazama kule. Akamweka mtoto vizuri mgongoni, akageuka, akarudi alikotoka.

— Huyo! Breki alimsindikiza kwa kidole. Mmemwona? Kafika, kasimama, kageuka. Kila siku wanafanya hivi hivi.

— Ni wengi, alikubali Mama Birika. Jana mzee mmoja na mfuko wake alifika hapa, akanitazama, akatazama benchi, akatikisa kichwa, akaondoka. Hata kikombe kimoja hakununua.

— Wanasahau walichofuata, alisema Faili.

— Si kusahau, alipinga Breki. Watu hawa hawana dira, ndugu yangu. Wanasukumwa tu na wenzao kama maji taka, wakishatemwa hapa ndipo wanashtuka: niko wapi mimi?

Kisigino alikuwa akiwaona watu hao. Kila mmoja alipokaribia, moyo wake ulidunda. Kila alipogeuka, ulirudi kulala. Mwishowe alikuwa amejiambia kwamba nao ni watu wa chooni, ila wamebadili nia.

— Mimi nimelichunguza jambo hili kitaalamu, alisema Breki, akishusha sauti ili wenzake wasogeze vichwa. Ni mabega. Mkono wa kulia wa mtu umeshika simu, sivyo? Basi mkoba unahamia bega la kushoto. Gari likipakiwa upande mmoja, linavutia upande huohuo. Umati mzima wa jengo hili unavutia kushoto! Na korido ya Fundi iko wapi?

— Kulia, alisema Faili, macho yakimtoka.

— Kulia! Fundi hana kosa. Fundi amefungua kazi upande ambao binadamu wa siku hizi hawezi kukata kona.

— Na vyooni wanafikaje? aliuliza Mama Birika.

— Aliyebanwa ana usukani wake.

Wakageuka kuwachunguza wapitao. Wa kwanza aliyetokea alikuwa mwanamume mwenye mkoba bega la kulia.

— Huyo ni mgeni, alisema Breki.

Wa pili naye alibeba kulia. Wa tatu alibeba kichwani.

— Hao ni jamaa zake, alisema Breki, na kwa upande wake uchunguzi ukawa umekamilika.

— Nyinyi wanaume mtazeeka mnatazama mabega, alisema Mama Birika, akimimina kahawa bila kutazama kikombe, na bila kumwaga. Anayetembea ni pua. Miguu inafuata tu. Yule muuza manukato wa ghorofani mnamjua?

— Yule wa pete nyingi?

— Huyohuyo. Feni yake ameielekeza kwenye ngazi. Mimi nimeiona kwa macho yangu. Anapuliza manukato, yanateremka kidato kwa kidato, yanamkamata mtu puani palepale mlangoni, yanampandisha juu atake asitake. Na sisi huku tunapuliza nini? Vyoo.

— Hee! Faili alishika shavu.

— Juzi alipofunga duka kwenda msibani, hamkuona? Watu walisimama tu katikati ya jengo kama ng'ombe walioachwa na mchungaji. Pua hazina pa kwenda.

— Basi nami niwaambie ninalolifikiria, alisema Faili, ambaye hakupenda kushindwa na mwanamke mwenye jiko. Watu hawa wanafundishwa.

— Wanafundishwa nini?

— Kutokujua kutembea. Kuna mahali wanakwenda kujifunza. Haiwezekani, Breki, haiwezekani kabisa watu wengi namna hii wawe wajinga kwa namna moja bila mwalimu. Kusimama mlangoni, kusimama kwenye ngazi, kugeuka ghafla, kutembea safu nzima. Wote sawasawa! Hiyo ni kazi ya shule.

Hata Breki aliinamisha kichwa kwa heshima ya wazo hilo.

— Dawa ni leseni, alisema hatimaye. Mtu asiingie jengo lenye watu bila leseni ya kutembea. Apewe mtihani: ngazi, mlango, kona, kurudi nyuma. Akitaka kusimama anyooshe mkono kwanza. Na begani afungwe kioo.

— Na mlangoni akae tarishi, aliongeza Faili, awapange kwa vyeo.

— Wewe utajipanga wapi? aliuliza Mama Birika.

Kabla Faili hajapata cheo chake, mtu wa tai alirudi kutoka vyooni, sasa ametulia na ana adabu zake zote. Alisema hodi. Alisema samahani, wazee. Alingoja. Hakuna aliyeacha kuzungumza, na mguu wa Breki haukwenda popote, kwa hiyo alikunja suruali, akaruka.

— Anatuvuka kama mtaro! Breki alipiga kelele. Sisi wazee wake!

— Hakulelewa huyo, alisema Faili.

— Waliolelewa wamekwisha, alisema Mama Birika, akasukuma jiko lake mbele kidogo kwa mguu ili moshi usimwingie machoni.

Kisigino hakuwa akisikiliza tena. Alikuwa akifikiria chumba kwa binti yake, na dirisha lake linalotazama geti. Alitaka mmoja wao amwambie neno dogo tu: usiende. Miaka yote ya kunywa pamoja, ilitosha mtu kusema hivyo.

— Msimamizi akija nitampa tu ufunguo, alisema. Sina la kumwambia.

— Mpe, Fundi, alisema Breki kwa huruma. Kapumzike. Watu wa namna hii hawakustahili.

— Na benchi je? aliuliza Mama Birika.

— Benchi linabaki, Breki alijibu haraka mno. Benchi ni la jamii.

Kisigino alimtazama. Alihisi kitu kinamchoma chini ya mbavu, akakimeza pamoja na kahawa.

— Haya, huyo mwingine, alisema Breki. Tazameni, atageuka sasa hivi.

Alikuwa msichana aliyevaa nguo za heshima na miguuni ndara za bluu. Alisimama kwenye mdomo wa korido. Alitazama jiko, akatazama ndoo, akaitazama miguu ya Breki kuanzia pajani mpaka kwenye kidole gumba. Akapiga hatua moja nyuma.

— Si nimewaambia! Breki alishangilia.

Lakini msichana hakugeuka. Alivuta pumzi, akasogea, akainama kidogo.

— Shikamooni, wazee wangu. Shikamoo, mama.

— Marahaba, walijibu wote, kwa mshangao.

— Njoo hapa, binti, alisema Breki. Umekuja wakati mzuri. Tuna mjadala mzito na hatujapata mtu wa kumhoji. Hebu tuambie, kwa nini nyinyi watu mkifika hapa mnasimama, mnashangaa, halafu mnageuka?

— Jibu tu, usiogope, alisema Faili. Mnasahau mlichofuata?

— Au ni ile harufu ya ghorofani? Mama Birika alimsaidia.

— Hapana, mama. Sijasahau. Nimefuata viatu vyangu.

Kisigino aliweka kikombe chini.

— Viatu gani?

— Vyeusi, vya kisigino kifupi, vina kifungo pembeni. Nilimwachia fundi wa kule mwisho, kabla mvua hazijaanza. Nilikuja kuvichukua, nikafika hapa, nikarudi. Nikaja tena na mama yangu, naye akasema turudi.

Kisigino alivijua. Vilikuwa kwenye msumari ulio karibu na mlango, na kila asubuhi alivifuta vumbi akimlaani mwenye navyo kimoyomoyo.

— Mlirudi kwa nini, mwanangu? aliuliza.

Msichana aliona haya. Alitazama sakafu, ambako kwa bahati mbaya ndiko miguu yenyewe ilikokuwa.

— Wazee walikuwa wamekaa. Mzee huyu hapa alikuwa amekaa hivihivi. Mama akasema watoto wake hawaruki miguu ya watu wazima, tungoje siku watakapomaliza kikao chao. Na si sisi tu. Jirani yetu ana mkoba wake kule, mpaka leo hajaupata. Mtaani kwetu wanasema yule fundi ni mzuri sana, ila kwake hakufikiki.

Faili alifungua kifungo cha juu cha shati, jambo ambalo halijawahi kuonekana.

— Hata leo ningerudi tu, msichana aliendelea, lakini kesho naanza kazi, na huko hawataki mtu mwenye ndara. Basi naomba kuuliza, msinione sina adabu. Nikitaka kwenda kwa fundi, napita wapi?

Faili alifungua kinywa aseme ukutani, lakini ukutani palikuwa na ndoo, na ukuta wa pili ulikuwa umelaliwa na benchi. Breki alifungua kinywa aseme katikati. Katikati palikuwa na miguu yake upande mmoja na jiko upande wa pili, na baina yao asingepita hata kuku. Aliitazama miguu hiyo kana kwamba mtu amemletea sasa hivi na hajui aiweke wapi. Mama Birika, aliyekuwa na jibu kwa kila mtu, aliinamisha birika kwenye kikombe ambacho hakikuombwa. Halikutoa tone.

Asubuhi yote walikuwa wamewatukana wasiolelewa, na hao ndio pekee waliokuwa wakipita. Waliolelewa walifika, wakaona watu wazima, wakarudi nyumbani na viatu vyao vibovu. Kisigino aliliona jambo hilo lote kwa pamoja. Aliona aibu iliyompanda mpaka masikioni, kisha ikaja hasira, na hasira hiyo hakuweza kumpa Breki yote, kwa sababu misumari ya lile benchi aliigonga kwa mkono wake mwenyewe, na kila liliposogezwa yeye ndiye aliyeshika upande mzito.

— Fundi ni mimi, alimwambia msichana. Akasimama. Akawageukia wenzake: Inukeni.

— Ngoja basi nimalize kahawa, alisema Breki.

— Kahawa imekwisha, alisema Mama Birika kwa sauti ndogo, akavuta jiko nyuma.

— Fundi, yasiwe makubwa. Apite tu hapa pembeni, nitakunja huu mmoja.

Na kweli alikunja mguu mmoja, kwa kilio cha goti, akamtazama msichana kama mtu aliyetoa shamba.

— Inuka, Breki. Benchi ni la wateja.

Alishika ncha ya benchi akainyanyua. Faili, ambaye hakuwa na uzito wa kubishana, aliteleza akajikuta amesimama. Breki alibaki kidogo kwenye mteremko, kisha heshima ikamwinua. Msichana alishika ncha ya pili bila kuombwa, na wawili hao wakaondoka na benchi kupitia vyooni mpaka kule mwisho.

— Na sisi tutakaa wapi? Breki aliuliza nyuma yao.

Kibandani alama za miguu ya benchi zilikuwa bado zipo sakafuni, chini ya vumbi, na benchi lilikaa juu yake bila kuyumba. Msichana akakaa. Kisigino alitoa viatu kwenye msumari, akavifuta ingawa vilikuwa safi, akamvalisha, akamwambia atembee kidogo asikie kama vinabana. Alitembea mpaka vyooni na kurudi. Ko, ko, ko. Kisigino alisimama mlangoni akisikiliza, na hakuona vibaya machozi yalipomlenga, maana gundi ilikuwa ikinuka vya kutosha kulaumiwa.

— Kisigino cha kulia kinahitaji msumari mmoja, alisema, ingawa hakikuhitaji. Kaa hapo.

Kule kwenye mdomo wa korido, Breki na Faili walikuwa wamesimama wakitazamana, wakibishana ni nani aliyekuwa wa kwanza kulisogeza lile benchi. Breki alikuwa ameegemeza kiwiko ukuta mmoja. Faili, kwa mazoea ya kazi, alikuwa amebandika mgongo ukuta wa pili. Katikati yao alitokea msimamizi wa jengo, kijana mpole, mkononi ana pete ya funguo zake.

— Samahani, wazee wangu, alisema. Naweza kupita?

— Wewe nawe! Breki alimgeukia kwa uchungu wote wa mtu aliyenyang'anywa benchi. Watu wazima wanazungumza, unakuja kusimama katikati ya njia! Hukufundishwa kutembea?

Kisigino, akiwa ameinama juu ya kiatu, aliviona viatu vya msimamizi kule mbali. Vilisita. Vikarudi nyuma hatua moja. Vikageuka, vikaondoka zake. Akachukua nyundo, na kwa leo tu hakuona haja ya kumwambia mtu yeyote asogee.